Chupa ya Achari na Mikono ya Bi Mardhiya

Alhamisi, 4 Septemba

Bi Mardhiya anaumwa mikono. Si jambo la kufurahia, najua. Lakini nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwa sababu yeye ana shida na mimi nina ufumbuzi. Au nitakuwa nao kufikia Jumapili.

Nimekutana naye kwenye lifti. Kavaa glavu nyeupe za pamba. Nikamtania kwamba baridi ya Woolwich imemwahi mapema mwaka huu. Hakucheka. Akazivua. Lo! Vidole vimevimba, ngozi imepasuka kwenye kila kiungo. Na hii ndiyo mikono iliyowapamba maharusi wote wa Kizanzibari wa upande huu wa mto hapa London! Hina kwenye viganja, piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, juu yake, maua mpaka kwenye kiwiko. Sasa hawezi hata kukamua limau. Kasema anawashwa mpaka machozi yanamtoka.

Na harusi ya Haifa ni mwezi ujao. Haifa ni binti yake wa pekee. Tangu mtoto yuko mbelekoni Bi Mardhiya amekuwa akiapa kwamba hatapambwa na mkono mwingine ila wa mama yake. Ndiyo maana amejiunga na utafiti hospitalini. Wanataka kujua ni kemikali gani zinazowaharibu ngozi wapambaji, wasusi na watu wa saluni. Unabandikwa stika mgongoni, kila stika na kemikali yake, halafu wanangoja waone ipi itawaka. Ikiwaka ya rangi nyeusi, basi mkorofi ni piko, naye atampamba Haifa kwa hina tupu. Ikiwaka ya mpira, basi ni zile glavu za kuoshea vyombo. Anachotaka ni kujua tu. Mpaka ajue, hagusi kitu.

Nikauliza hizo glavu za pamba kazipata wapi. Kapewa na Talib.

Talib! Jirani wa ghorofa ya chini. Mvi mpaka kwenye nyusi, na hana haya nazo. Yeye ndiye anayempeleka hospitali kwa gari lake. Na amejiandikisha kwenye utafiti huo huo, upande wa wenye ngozi nzima, ati kuisaidia sayansi. Mjane na mtu mwenye gari kwenye benchi moja la hospitali, saa nzima nzima. Sayansi gani hiyo?

Kesho na mimi najiandikisha.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimebadilishana zamu na mwenzangu wa mapokezi, nikaenda. Mkuu wa utafiti ni Daktari Kalpana, mwanamama wa Kenton ambaye wazee wake walihama kutoka Kisumu. Anazungumza Kiswahili cha nyumbani kwao. Akanikaribisha vizuri sana, halafu akaniita mzee. Mzee! Mimi! Nikamwambia nina miaka hamsini na moja. Akatazama kompyuta yake, ambayo ina tarehe yangu ya kuzaliwa. Akahamia swali la pili.

Kaniuliza kama nimewahi kupaka rangi nywele au ndevu. Kamwe, nikasema. Katazama kichwa changu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kweli ni cheusi. Kila mtu hapa mtaani hunisifia, na kila anayeuliza namjibu vilevile: ni mafuta ya bibi yangu wa Wete, majani matupu. Kweli yenyewe ni boksi la duka la dawa, Ijumaa moja naruka, Ijumaa moja napaka, mlango wa bafu kwa komeo ingawa naishi peke yangu. Siku hizi nikimaliza nawashwa nyuma ya masikio. Ni sabuni tu.

Halafu daktari akatoa masharti. Mgongo usipakwe kitu chochote mpaka kipimo kiishe. Si dawa, si krimu, si mafuta. Kasema ziko krimu kali zinazoilaza ngozi, ikalala fofofo, kipimo kikasema hakuna mzio kumbe upo. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza. Nilikuwa nawaza zile glavu za Talib na namna ya kuzishinda.

Jumamosi, 6 Septemba

Peckham, kwa mabasi mawili. Nilishaambiwa na kijana mmoja wa kazini kwamba liko duka huko, kati ya saluni na kanisa, lenye krimu inayomaliza ukurutu kwa siku chache. Nikalikuta. Muuzaji alitazama mlango kwanza, akainama nyuma ya magunia ya unga wa muhogo, akatoka na tyubu nyeupe isiyo na boksi. Akaninong'oneza kwamba inaponya ukurutu, chunusi, fangasi, na hata weusi wa magoti. Nikauliza ndani yake mna nini. Akasema mna nguvu.

Nilichukua tyubu mbili. Huko mtaani kwetu Wete pia dawa nzuri ilitolewa kwa kunong'ona, nikajifariji hivyo njia nzima.

Jumapili, 7 Septemba

Siku ya kazi! Tyubu haina hadhi. Mwanamke hapewi tyubu. Nikachukua chupa iliyokuwa na achari ya embe, nikaisugua mara nyingi, nikaikamulia krimu yote, tyubu zote mbili. Ikabaki na harufu ya hospitali kwa chini na pilipili kwa juu. Nikawasha chetezo, nikaifukiza chupa kwa udi ipate harufu ya kwetu.

Nilisahau kengele ya moshi. Jengo zima likasikia. Talib akapanda mbio na mti wa ufagio, akaichokonoa dari mpaka ikanyamaza. Kisha akasimama jikoni kwangu akinusa. Akaniuliza ni chakula gani kinachopikwa kwa achari na udi. Nikamwambia ni mambo ya familia. Akanitakia heri, akashuka na ufagio wake. Sipendi watu wasiokasirika.

Jioni nikapanda kwa Bi Mardhiya. Nikamwambia hii ni dawa ya bibi yangu, yule yule wa mafuta ya nywele. Akanitazama kichwani. Kisha akasema mashaallah, kama majani ya bibi yako yanaweza kuweka nywele hivi kwa umri wako, basi hata mikono yangu itapona. Neno umri nililisikia lakini nikalipuuza.

Aliingiwa na wasiwasi mara moja tu. Daktari kakataza dawa, akasema. Nikamjibu daktari kakataza dawa. Hii si dawa, ni majani. Maneno yalinitoka kwa ulaini ajabu. Akachovya kidole kimoja, kile kilichopasuka zaidi, akafumba macho. Nilijiona mtu mwenye faida duniani.

Jumatano, 10 Septemba

Miujiza! Uvimbe unashuka. Mipasuko inafunga. Bi Mardhiya kanifungulia mlango bila glavu. Glavu za Talib nimeziona zimetundikwa bafuni, zimekauka, hazina kazi. Nilizitazama kwa raha.

Kanikaribisha chai. Ana hofu moja: stika. Mwenzake mmoja wa saluni kamwambia zikibanduliwa zinatoka na ngozi. Kumliwaza nikamkumbusha fenesi. Nyumbani tukimenya fenesi tunafanyaje? Tunapaka mafuta mikononi kwanza, ule utomvu usigande. Basi na mgongo ni hivyo hivyo. Apake dawa ya bibi kila jioni, asubuhi aoge, na siku ya kubandua stika zitateleza zenyewe. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kasema hakuna mtu mwingine London nzima ambaye angewaza fenesi.

Haifa alikuwa sebuleni na simu yake. Akainua kichwa, akasema kwa Kiingereza kwamba si wazo zuri, daktari alisema mgongo usiguswe. Watoto waliozaliwa hapa wanaelewa kila kitu na hawaamini chochote. Mama yake akamwambia atii, na yeye ndiye atakayempaka mgongoni, maana mkono wa mama haufiki.

Jumamosi, 13 Septemba

Bi Mardhiya kanipikia mkate wa kumimina, kwa mikono yake mwenyewe, wa kwanza tangu Ramadhani. Bado wa moto. Kasema amekoroga unga akalia kwa furaha. Nimeula wote nikiwa nimesimama.

Nimeusikia mlango wa Talib chini ukifunguliwa na kufungwa. Sijui kama naye kapewa. Sikutaka kujua.

Jumatatu, 15 Septemba

Stika zimebandikwa. Tulikaa benchi moja: Bi Mardhiya mwanzo, Talib katikati (aliwahi kukaa!), mimi mwisho karibu na mlango na upepo wake. Kila mtu akaingia kwenye chumba chake akatoka akitembea wima kama amemeza rula. Hatutakiwi kulowesha mgongo wala kujikuna.

Kurudi tulipewa lifti na Talib. Nikakaa nyuma na mifuko ya sokoni. Kufika Woolwich mahali pamoja mgongoni, karibu na bega la kushoto, palikuwa pameanza kuwaka. Nikamwuliza Bi Mardhiya kama naye anasikia kitu. Hasikii chochote. Kasema mgongo wake umetulia kama wa mtoto.

Jumatano, 17 Septemba

Moto! Jana kutwa nilijisugua kwenye fremu ya mlango kazini, mpaka meneja akaniuliza kama nasikiliza muziki.

Leo zimebanduliwa. Zangu zilitoka nikipiga kelele. Daktari Kalpana akachora mgongoni kwa kalamu, akaniambia, usijikune, mzee, hadi Ijumaa. Nilikuwa na maumivu mengi hata sikulalamikia hilo la mzee. Bi Mardhiya alitoka anatabasamu. Zimeteleza kama siagi, akasema, na akanishukuru mbele ya Talib, kwa jina, na kuweka mkono kifuani. Talib akasema vizuri sana, hongera. Naandika hapa ili nisisahau: nimewahi kuwa na siku kama hii.

Ijumaa, 19 Septemba

Leo sijui niandike vipi.

Majibu. Talib safi, bila shaka. Mimi: mahali pa stika moja pamefura malengelenge, saizi ya sarafu. Daktari akafunga pazia na kuniambia ni ile kemikali ya rangi nyeusi ya nywele, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye piko. Akaniuliza tena kama sijawahi kupaka. Nikasema labda ni rangi ya viatu, mimi hupiga viatu vyangu rangi kila siku. Akaniuliza kama huwa navipiga rangi kwa kichwa. Mwanamke mwenye adabu, lakini ana ulimi.

Kisha akawa hana utani. Kanieleza polepole: mwili wangu sasa unaijua kemikali hii na hautaisahau. Rangi ya boksi basi. Na kitu chochote kinachoitwa hina nyeusi, basi, kwa sababu hina ya majani ni nyekundu. Ikiwa nyeusi, imetiwa kitu. Nikirudia, safari ijayo uso unaweza kuvimba mpaka macho yafunge. Nikaahidi. Nilikuwa nimeogopa kweli.

Lakini si hilo. Chumba cha pili, pazia tu kati yetu, nikamsikia akimwambia Bi Mardhiya kwamba mgongo wake hauna kitu. Hata alama moja. Sauti ya daktari haikuwa na furaha. Kasema mikono ile aliyoiona mwanzo na mgongo huu haviendani. Akamwuliza kama alipaka kitu chochote. Dawa yoyote. Bi Mardhiya akasema hapana, daktari, dawa hapana. Alisema kwa moyo safi. Hakudanganya. Alikuwa anarudia nilichomfundisha.

Nilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Ningeweza kufungua lile pazia. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikamwuliza nesi choo kiko wapi.

Daktari akamshauri asubiri, arudie kipimo baadaye, asiguse piko kwanza. Bi Mardhiya alisikia neno moja tu: safi. Kwenye gari aliimba.

Jumapili, 21 Septemba

Amechanganya piko. Harufu yake imefika mpaka kwenye ngazi. Harusi imekaribia na anataka mkono uzoee tena, kwa hiyo anajichora mwenyewe, mkono wa kushoto kwanza.

Nilipanda kwenda kumwambia. Kweli nilipanda kwa hilo. Njiani nilitunga maneno mazuri. Akafungua mlango na brashi mkononi, wino mweusi kwenye kidole gumba, uso unang'aa kama wa bibi harusi mwenyewe. Akanionyesha ua alilochora kwenye kiganja. Akasema usiku anamwota marehemu mumewe akimwambia binti yetu atapendeza. Mimi nikasema piko imetoka vizuri.

Nikanywa chai. Nikashuka.

Kaniambia pia chupa imekwisha, nimletee nyingine. Nikapanda basi kwenda Peckham. Duka limefungwa, kuna karatasi ya halmashauri mlangoni. Jirani wa saluni kasema wakaguzi walikuja wakabeba maboksi. Nilisimama pale kwenye mvua nikiwa na mwavuli uliofungwa.

Jumapili, 28 Septemba

Imetokea.

Asubuhi Haifa aligonga mlango wa Talib, si wangu. Nilisikia kelele nikashuka. Bi Mardhiya yuko kwenye ngazi na mikono ameinyanyua mbele yake, hawezi kuishusha. Imevimba mpaka kiwiko. Malengelenge yamefuata mstari wa maua yake. Kila jani alilochora linaonekana, limefura. Alikuwa halii. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anaitazama tu.

Talib alimpeleka. Gari lilikuwa na nafasi lakini sikuthubutu kuomba. Nilifuata kwa basi, nikakaa nje ya wodi bila kuingia. Haifa akatoka mara moja. Kaniambia kwa Kiingereza kwamba daktari ameagiza kila kitu kilichogusa ngozi ya mama yake kipelekwe, na yeye amewaambia habari ya mgongo. Sasa anakwenda nyumbani kuchukua chupa. Hakuniita ankali kama siku zote. Nikamwambia chupa imekwisha. Akasema imebaki kidogo pembeni.

Jumanne, 30 Septemba

Nimeitwa na Daktari Kalpana. Nilidhani ni mimi na yeye. Nilipoingia nikamkuta Bi Mardhiya kwenye kiti, mikono yote imefungwa bandeji nyeupe, na chupa ya achari mezani.

Daktari alisema yeye hana la kumwambia mtu kuhusu mwenzake. Bi Mardhiya ndiye aliyetaka niwepo. Kisha akaieleza chupa. Ndani yake mna steroidi kali sana, ile dawa inayoilaza ngozi, haiuzwi bila cheti cha daktari, na mna moshi. Mikono haikupona, ilinyamazishwa. Mgongo nao ukanyamazishwa, kwa hiyo kipimo kikasema uongo. Krimu ilipokwisha, na piko ikaja juu yake, ngozi ikalipuka. Kipimo kitarudiwa mikono ikishatulia, labda baada ya miezi. Mpaka hapo asiguse rangi, hina, wala chochote.

Hata hina, aliuliza Bi Mardhiya. Daktari akasema hata hina, mama. Samahani. Ngozi ikiwa wazi hivi haiwezi.

Laiti ningesema Ijumaa ile, leo angekuwa na hina yake nyekundu mkononi na Haifa mbele yake. Najua hilo kwa sababu daktari hakulisema, alinitazama tu.

Bi Mardhiya akageuka kwangu. Nilikuwa tayari kwa kelele. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa. Aliniuliza kitu kimoja: na nywele? Tangu majibu yangu nilikuwa sijagusa boksi, kwa woga. Mvi zilishachomoza mstari mzima kwenye paji, na nyuma ya masikio ngozi inabanduka. Nilivuta kofia. Akaiona mikono yangu inavyohangaika na kofia, na akajibiwa.

"Mimi niliamini nywele zako, Mbarouk," akasema.

Bila Bwana. Tangu tujuane ameniita Bwana Mbarouk. Nilimwambia nilitaka kumsaidia. Akasema anajua, na hilo ndilo linalomtia uchungu, maana kama ningekuwa mtu mbaya angeniogopa mapema. Kisha akamwomba daktari amfungulie mlango kwa sababu yeye hawezi kuushika.

Jumamosi, 4 Oktoba

Harusi ya Haifa. Nilifikiria kutokwenda. Nikaenda, nikakaa meza ya mwisho karibu na jiko, kofia mpaka kwenye nyusi.

Mpambaji alitoka Leicester. Talib ndiye aliyenieleza, maana naye aliambiwa na jamaa wa bwana harusi. Siku ya hina Bi Mardhiya alikaa kwenye mkeka ubavuni mwa yule mwanamke, bandeji mapajani, akimwelekeza kwa mdomo: hapo panda, hapo geuza, hilo jani lisifike kwenye kifundo. Yule mwanamke ni fundi na hakuhitaji kuelekezwa, lakini alimtii kwa kila mstari. Haifa alilia, wakasema ni machozi ya bibi harusi. Hina tupu, nyekundu. Piko hakutaka hata kuisikia.

Nilimwona Bi Mardhiya mara moja tu mlangoni, akiwapokea wageni. Wanawake wanaomheshimu hutaka kumbusu mkono, na kila mmoja alipoinama alikumbuka akasimama, akambusu bega. Kila mmoja. Nilisimama nyuma ya nguzo nikiwatazama wakiinama na kusimama. Biriani ilikuwa nzuri, watu wote walisema. Mimi sahani yangu niliirudisha jikoni kama ilivyokuja.

Talib kanipa lifti kurudi. Kufika kwenye jengo kaniambia Bi Mardhiya hana chuki nami, amechoka tu. Nikamwambia mimi ni mjinga, Talib. Akafikiri kidogo, kisha akasema ndiyo. Halafu akanifungulia mlango.

Sitadanganya tena. Naandika hapa kwa herufi kubwa: SITADANGANYA. Wala sitagawa dawa, wala sitapaka kichwa. Mvi ni mvi.

Jumapili, 12 Oktoba

Wiki ya tafakuri. Nimejirekebisha. Nimetupa mabaki ya boksi, nimemwambia mwenzangu wa mapokezi umri wangu wa kweli (alidhani ni zaidi). Mvi zimeingia nusu kichwa. Nikipita kwenye kioo cha lifti nashtuka, nadhani ni Talib.

Lakini kuna deni moja la moyoni. Bi Mardhiya sijamwomba radhi. Kumwomba kweli, uso kwa uso, bila daktari na bila kigugumizi. Jana nilimwona dirishani, bandeji zimepungua, vidole vinaonekana. Alikuwa anajaribu kufunga pazia kwa viganja. Nikaapa nitakwenda Jumapili hii hii.

Leo nikavaa kanzu, nikasimama mbele ya kioo nikajaribu maneno. Hayakufaa. Si maneno, ni kichwa. Nusu nyeusi, nusu nyeupe, na vigaga nyuma ya masikio. Mtu akiomba radhi na kichwa kama hiki ataonewa huruma, na mimi sitaki huruma, nataka msamaha. Kwa heshima yake yeye, si yangu, inafaa niende nikiwa nadhifu. Mara hii tu, na baada ya hapo basi.

Mchana nilikuwa Kenton kwa shughuli nyingine. Kuna duka pale, mwenyewe anaitwa Chandrakant, mtu mzima, mcha Mungu, ana picha ya mama yake juu ya kaunta. Nilimweleza wazi kwamba nina mzio, sitaki kemikali hata kidogo. Akatafuta sana, akanipa pakiti ya kijani yenye picha ya jani. Akasema aliyemletea amemhakikishia, ni shamba tupu. Hakunong'ona. Alisema kwa sauti, mbele ya wateja. Hiyo ndiyo tofauti.

Pakiti imeandikwa hina nyeusi. Nimekumbuka maneno ya Daktari Kalpana, nayakumbuka vizuri. Lakini daktari alikataza rangi. Hii si rangi, ni majani.

Nimeshapaka. Nimejifunga taulo, mlango wa bafu kwa komeo. Hapa nangojea ishike, kisha naoga na kupanda kwake. Maneno nimeyapata sasa, na ni mazuri, na yote ni ya kweli.

Sikio la kulia linaniwasha kidogo. Na jicho nalo limekuwa zito. Itakuwa ni sabuni.